Kutoka Batsinda hadi Karisimbi: Jinsi ya kuchagua begi la mgongoni la kubebea mzigo mzito

Batsinda ni mtaa wa makazi ulioko kwenye miteremko ya kaskazini mwa Kigali, katika sekta ya Kinyinya, wilaya ya Gasabo. Nje ya Rwanda jina lake lilianza kusikika miaka ya 2007 na 2008, wakati familia zilizohamishwa kutoka Kiyovu ya chini, katikati ya mji, zilipojengewa nyumba huko. Kwa wakazi wake, kupanda na kushuka si burudani ya mwisho wa juma. Ndiyo njia ya kwenda sokoni, shuleni na kwenye basi la Nyabugogo, na mara nyingi mikono au kichwa huwa na mzigo.

Hata hivyo, mzigo wa sokoni hubebwa kwa nusu saa, kisha huwekwa chini. Mzigo wa mlimani ni jambo jingine. Anayetoka Batsinda kwenda kupanda Karisimbi, mlima wa volkano wenye urefu wa mita 4,507 kwenye mpaka wa Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, hutembea siku mbili na kulala usiku mmoja kambini katika baridi kali. Hema, mfuko wa kulalia, nguo nzito, chakula na maji yote hupanda pamoja naye. Begi lililoonekana jepesi dukani huanza kuuma mabega katika saa ya pili, na kufikia jioni linaweza kuwa ndilo jambo pekee msafiri analolifikiria.

Wanunuzi wengi huchagua begi kwa kutazama rangi, jina la kampuni na ukubwa wake kwa lita. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoeleza iwapo begi litakaa vizuri mwilini. Kinachoamua ni mambo mawili yasiyoonekana kwa urahisi: urefu wa mgongo wa begi ukilinganishwa na wa mvaaji, na mahali mkanda wa kiunoni unapokaa.

Mzigo hupimwa kwanza

Kosa la kawaida ni kununua begi kwanza na kufikiria vitu vya kutia ndani baadaye. Mpango mzuri huanzia sakafuni nyumbani, vitu vikiwa vimetandazwa na mizani ya jikoni ikiwa karibu. Kwa safari ya siku mbili ya Karisimbi, msafiri anayejibebea kila kitu anaweza kuwa na hema la kilo 2.5, mfuko wa kulalia wa kilo 1.5, mkeka wa sponji wa nusu kilo, nguo za joto na za mvua kilo 2.5, jiko dogo na sufuria kilo 1, chakula kilo 1.5 na lita 3 za maji ambazo ni kilo 3 kamili. Ukiongeza begi lenyewe, ambalo likiwa tupu huwa na uzito wa kilo 2 hivi, jumla ni kilo 14.5.

Kanuni inayotumiwa na waongozaji wengi wa milimani ni kwamba mzigo wa safari ya kulala nje usizidi asilimia 20 ya uzito wa mbebaji. Kwa mtu wa kilo 65, hiyo ni kilo 13. Mzigo uliotajwa hapo juu umepita kikomo kwa kilo moja na nusu, na hakuna begi litakalofuta ziada hiyo. Watu wawili wakigawana hema moja, tatizo karibu limekwisha. Kanuni yenyewe si sheria ya maumbile; mtu mwenye mazoezi hubeba zaidi, na aliyetoka kuugua hubeba pungufu. Inafaa tu kuwa mahali pa kuanzia.

Kwa mzigo wa aina hii, begi la lita 45 hadi 60 hutosha. La lita 80 huvutia kwa sababu bei yake haipishani sana na ya hilo dogo, lakini nafasi iliyo wazi hujazwa. Huingia viatu vya pili, kitabu, sufuria ya ziada, na kilo 3 huongezeka bila mtu kukumbuka aliziongeza lini.

Begi la shule lisilo na fremu wala mkanda wa kiunoni, ambalo vijana wengi wa Kigali hulitumia katika matembezi ya Jumamosi kwenye mlima Kigali au kilima cha Jali, linafaa kabisa kwa chupa ya maji, koti na chakula cha mchana. Mzigo ukivuka kilo 7 au 8, uzito wote huning'inia mabegani, nalo huanza kuonyesha kwamba halikushonwa kwa kazi hiyo.

Kupima mgongo

Mtu mrefu hahitaji lazima begi refu. Watu wawili wanaolingana kwa kimo wanaweza kutofautiana kwa sentimita kadhaa za mgongo, kwa kuwa mmoja amerefuka miguu na mwingine kiwiliwili. Kipimo kinachotakiwa ni cha kutoka shingoni hadi nyonga, na huhitaji msaidizi mmoja na utepe wa fundi cherehani.

Anayepimwa huinamisha kichwa mbele, na msaidizi hupapasa chini ya shingo hadi apate mfupa unaochomoza kuliko mingine. Hapo ndipo utepe unapoanzia. Kisha anayepimwa hushika kiuno kwa mikono miwili, vidole gumba vikielekea nyuma, akibonyeza hadi aguse ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga. Mstari unaounganisha vidole gumba viwili mgongoni ndio mwisho wa kipimo. Utepe ufuate mpindo wa mgongo, usivutwe ukanyooka hewani. Watu wazima wengi hupata kati ya sentimita 40 na 53.

Watengenezaji wengi huonyesha kipimo hiki kwenye lebo ya begi, ama kwa sentimita ama kwa herufi za S, M na L. Herufi hizo hazilingani kutoka kampuni moja hadi nyingine, hivyo sentimita ndizo za kuaminiwa. Mabegi mengine yana mgongo unaorekebishika: mikanda ya mabegani hupandishwa au kushushwa kwenye reli au kamba nene nyuma ya begi. Kwa familia au kikundi kinachoazimana vifaa, aina hii ndiyo inayofaa zaidi hata kama ni nzito kidogo.

Begi likiwa refu kuliko mgongo, mkanda wa kiunoni huteremka hadi kwenye makalio na kila hatua huusukuma. Likiwa fupi, mkanda hupanda hadi tumboni, ambako hakuna mfupa wa kuushikilia, na mabega hubeba kila kitu. Hali hii ya pili ndiyo inayoonekana zaidi, nayo hutambulika kwa mbali: mbebaji hutembea akiwa ameingiza vidole gumba chini ya mikanda ya mabegani, akijaribu kuinyanyua.

Kazi ya mkanda wa kiunoni

Mfupa wa nyonga na misuli ya mapaja huhimili uzito kuliko bega, ambalo chini ya ngozi lina mishipa ya damu na ya fahamu iliyo karibu na juu. Madaktari wa majeshi wameujua kwa muda mrefu ugonjwa wa askari waliobeba mashanta mazito: mkono hupata ganzi au kulegea, wakati mwingine kwa majuma, kwa sababu mikanda imekandamiza mishipa ya fahamu ya bega. Fremu na mkanda wa kiunoni hupunguza hatari hiyo.

Ni muhimu kuelewa kiasi gani. Wauzaji hupenda kusema kwamba mkanda mzuri huhamishia nyongani karibu uzito wote. Watafiti wa jeshi la Marekani waliopima jambo hili kwa vyombo na kuchapisha matokeo mwaka 2004 walikuta takriban asilimia 30 ya nguvu ya mzigo inayoelekea chini ikishikiliwa na sehemu ya chini ya mgongo, na iliyobaki ikibaki juu. Begi jingine na mwili mwingine vinaweza kutoa jibu tofauti. Lakini hata theluthi moja ya kilo 14 ni zaidi ya kilo 4 zilizoondolewa mabegani kwa saa sita.

Mkanda hukaa mahali pake pale ukingo wa mfupa wa nyonga unapokuwa katikati ya upana wake, nusu ya mkanda juu na nusu chini. Ukifungwa, kifungio kikae mbele chini ya kitovu, na pedi mbili za pembeni zisigusane. Zikigusana, mkanda ni mkubwa mno na hautakaza zaidi, hasa baada ya safari ndefu ambapo mtu hupungua. Wanawake wengi hupata nafuu katika mabegi ambayo pedi zake zimeinamishwa kufuata umbo la nyonga na mikanda yake ya mabegani imepindwa ili isikandamize kifua. Si lazima liwe limeandikwa kuwa ni la wanawake. Wapo wanaume wanaokaa vizuri zaidi ndani yake.

Mkanda bila fremu ni pambo. Ili uzito ufike nyongani, lazima kuwe na kitu kigumu kinachoupeleka huko: vyuma vyembamba vya alumini, bamba la plastiki ngumu, au fremu ya nje. Ukitazama ndani ya begi au kupapasa mgongoni pake, vyuma hivyo huhisika. Fremu za alumini zilienea baada ya Dick Kelty kuanza kuuza mabegi yake California mwaka 1952, na fremu za ndani zinazotawala leo zilifuata katika miaka ya 1960.

Wazo lenyewe halikuanzia California. Mama anayefunga mtoto kwa mbeleko huinama, humpandisha mtoto hadi mahali panapofaa, kisha hukaza kitambaa ili mtoto agande mgongoni na uzito wake ukae juu ya nyonga. Mtoto aliyefungwa kwa ulegevu na kuning'inia nyuma humchosha mama upesi, ijapokuwa kilo zake hazijaongezeka. Begi linalosimama mbali na mgongo hufanya vivyo hivyo.

Kichwani au mgongoni?

Mwaka 1986, jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya kuhusu wanawake wa Kiluo, wanaobeba mizigo kichwani, na wa Kikuyu, wanaobeba mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso. Walionekana kuweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu ya ziada inayopimika, wakati askari waliobeba kiwango hicho hicho mgongoni kwa shanta walitumia oksijeni zaidi kwa asilimia 13. Utafiti wa baadaye, uliochapishwa mwaka 2010 na kufanywa miongoni mwa wanawake wa Afrika Kusini, haukuona faida hiyo kwa ujumla, na uligundua kwamba maumivu ya shingo ni jambo la kawaida kwa wabebao kichwani.

Kwa mpanda mlima, swali hili lina jibu la kawaida tu. Ngata na ndoo hufaa kwenye njia iliyozoeleka. Kwenye njia za Virunga, ambako kuna matope, mizizi na matawi yanayoinama chini ya kimo cha mtu, mikono inahitaji kuwa huru na kichwa kinahitaji kuinamishwa.

Kulijaribu begi likiwa na uzito

Begi tupu humkaa kila mtu. Anayenunua aombe kulijaribu likiwa na kilo 10 hadi 12 ndani yake. Mifuko ya mchele au maharage hutosha, na muuzaji anayekataa jaribio hilo ameshatoa maelezo ya kutosha kuhusu bidhaa yake.

Utaratibu wa kulivaa una maana. Mikanda yote hulegezwa kwanza. Begi huvaliwa, mvaaji huinama kidogo na kupandisha mabega, kisha hufunga mkanda wa kiunoni ukiwa mahali pake na kuukaza. Ndipo mikanda ya mabegani huvutwa hadi iguse bega lote bila pengo na bila kukandamiza. Vikanda vidogo vilivyo juu ya bega, vinavyounganisha mkanda na sehemu ya juu ya begi, huvutwa kidogo ili begi lisogee karibu na kichwa. Vikiwa sawasawa hupanda kwa pembe ya takriban nyuzi 45. Mkanda wa kifuani hufungwa mwisho, kwa ulegevu wa kuruhusu pumzi nzito. Wengi hufanya kinyume, wakianza na mabega, na mkanda wa kiunoni ukifika zamu yake hauna tena cha kubeba.

Dakika tano mbele ya kioo hazitoshi. Inahitajika angalau dakika 20 za kutembea, na ikiwezekana ngazi. Mkazi wa Batsinda hana haja ya kutafuta uwanja wa mazoezi: barabara za kuteremka kuelekea Kagugu na Gisozi, na kurudi tena juu, huonyesha kasoro zote. Mazoezi mazuri hufanywa kwa chupa za maji, kwa kuwa maji yanaweza kumwagwa kabla ya kuteremka ili kuyapunguzia magoti mzigo. Sehemu za kuchunguza baada ya mazoezi ni tatu: juu ya mifupa ya nyonga, mbele ya makwapa na chini ya mgongo. Wekundu unaotoweka ndani ya nusu saa ni wa kawaida. Ganzi ya vidole si ya kawaida hata kidogo, na begi lililoileta ama lirekebishwe ama lirudishwe.

Mitumba na mafundi

Mabegi mazuri ya milimani ni ghali, na mengi yaliyoko masokoni Afrika Mashariki ni yaliyokwisha kutumika. Nchini Rwanda biashara ya mitumba, inayoitwa caguwa kutokana na neno la Kiswahili chagua, ilibanwa mwaka 2016 pale ushuru wa nguo zilizotumika ulipopandishwa kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.5 kwa kilo. Bado, begi la mtumba lililotengenezwa vizuri linaweza kulishinda jipya la bei rahisi, iwapo mnunuzi anajua pa kutazama.

Sponji ya mkanda wa kiunoni ikibonyezwa kwa kidole inapaswa kurudi. Ikibaki na shimo, imekufa. Vyuma vya fremu visiwe vimepinda kuelekea upande mmoja. Ndani ya begi, utando unaozuia maji ukiwa unanata au kubanduka kama ngozi iliyoungua jua, na harufu ikiwa kali, kitambaa kimezeeka na hakuna dawa. Mshono uliofumuka kwenye mkanda wa bega unatisha kwa macho lakini ni kazi ndogo: fundi viatu mwenye uzi wa nailoni huumaliza kwa muda mfupi. Zipu na vifungio hubadilishwa. Fremu iliyovunjika haifai kununuliwa.

Kupanga vitu na kuvikinga na mvua

Vitu vizito, yaani maji, chakula na jiko, hukaa karibu na mgongo, katikati ya begi. Mfuko wa kulalia huenda chini, koti la mvua juu kabisa. Uzito ukiwekwa mbali na mgongo humvuta mtu nyuma, naye huinama mbele kuupinga siku nzima.

Mvua kwenye milima ya volkano hainyeshi kwa kufuata kalenda ya Kigali. Hata katika kiangazi cha Juni hadi Agosti njia huwa na tope. Kifuniko cha nje pekee hakitoshi, kwa sababu maji hupenya upande wa mgongoni. Wapandaji katika nchi nyingi hutandika mfuko mkubwa wa plastiki ndani ya begi, lakini nchini Rwanda mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu mwaka 2008, na wageni hunyang'anywa wanapoingia. Mifuko ya kitambaa kisichopitisha maji, inayofungwa kwa kukunjwa mdomo, hufanya kazi hiyo bila kuvunja sheria.

Begi likibebwa na mtu mwingine

Wengi wanaofika Kinigi, makao ya Hifadhi ya Taifa ya Volkano, hukodi wapagazi, na kazi hiyo ni chanzo cha kipato kwa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Kilimanjaro, ambako kila msafara huwa na wapagazi wengi, mizigo hupimwa langoni na kikomo kinachotajwa kwa mzigo wa kila mpagazi ni kilo 20. Shirika linalotetea haki zao, KPAP, limekuwa likifuatilia malipo, chakula na vifaa vyao tangu mwaka 2003.

Jambo ambalo halizungumzwi sana ni kwamba mpagazi hukabidhiwa begi lililorekebishwa kwa mwili wa mtu mwingine. Mgeni wa mgongo wa sentimita 52 humpa mtu wa sentimita 44, na mkanda wa kiunoni ambao ungemsaidia huishia kuning'inia mapajani, hivyo mpagazi huufungua na kubeba kilo zote kwa mabega. Begi lenye mgongo unaorekebishika huhitaji dakika mbili kuteremshiwa mikanda kabla ya safari kuanza. Wakati mzuri wa kufanya hivyo ni langoni, begi likiwa bado chini, kwa kumwomba atakayelibeba alivae na kusema linapombana.